Je, Wajua? Besi, Amplifaya na Maboksi ya Spika kwenye Njia ya Tabora

Kwa anayetoka Dar es Salaam kwa reli ya kati, Igalula ni miongoni mwa vituo vya mwisho kabla ya kuingia Tabora. Tura, Malongwe na Goweko zimeshabaki nyuma. Kabla ya reli, ukanda huu ulipitiwa na misafara ya Wanyamwezi na watu wa pwani: vitambaa na shanga zikielekea bara, pembe za ndovu zikielekea pwani. Zama za muziki wa dansi zilipowadia, magitaa, tumba na maboksi ya spika navyo vikaingia katika orodha ya mizigo. Na katika vyombo vyote vya bendi, hakuna vinavyotesa mabega kama vya mpiga besi. Mpiga solo hawezi kulijua hilo, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yafuatayo yataeleza kwa nini sauti ya chini hudai mbao, chuma, umeme na jasho kuliko sauti ya juu.

1. Amplifaya moja, mapagazi zaidi ya watatu

Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba mzigo wa kawaida wa pagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi. Ndivyo walivyosafirishiwa vitu vyao Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba.

Sasa chukua Ampeg SVT, amplifaya ya besi iliyotoka Marekani mwaka 1969 na ambayo hadi leo wapiga besi huitaja kwa heshima. Yenyewe tu ina karibu kilo 40. Boksi lake la spika nane, kwa toleo la siku hizi, lina zaidi ya kilo 60 na urefu wa mita 1.2. Jumla inapita frasila sita. Mapagazi watatu wasingetosha, tena boksi haligawanyiki kama shanga au vitambaa: lingening'inizwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili, kila mmoja na upande wake.

2. Reli ilifika 1912, na Tabora ikawa mji wa bendi

Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Tabora ikawa njia panda ya pwani, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria, yenye wafanyakazi wa reli, wanafunzi, askari na wafanyabiashara waliotaka pa kuchezea jioni.

Matokeo yake mji huu wa bara ulizaa bendi tatu zilizojulikana nchi nzima: Kiko Kids ya kina Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz iliyotamba kwa mtindo wa Segere Matata. Tabora Jazz ndiyo iliyokuwa na Shem Karenga, mtoto wa Kigoma, ambaye wimbo wake "Dada Asha" bado unapigwa redioni. Hata Dar es Salaam ilikuwa na alama ya huku: Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilichukua jina lake kutokana na magharibi ya nchi alikotoka mwanzilishi wake, Iddi Nhende.

3. Aliye na vyombo ndiye mwenye bendi

Katika bendi nyingi za dansi za Tanzania, mwanamuziki hakumiliki gitaa alilopiga wala amplifaya iliyompazia sauti. Vyombo vilikuwa mali ya klabu, ya tajiri, au ya taasisi ya umma. Chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake mwaka 1964. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafuata mwaka 1970. Jeshi, polisi na magereza nao hawakubaki nyuma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na kufikia mwaka 1983 ilikuwa mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam.

Sababu kubwa ilikuwa bei. Vyombo vilitoka nje na vilitaka fedha za kigeni, na mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha hizo zilikuwa adimu. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na kipaji chake, vyombo vikabaki. Ndiyo maana historia ya dansi, ukiichunguza vizuri, ni historia ya maboksi ya spika kama ilivyo historia ya sauti na vidole.

4. Zanzibar ina besi isiyohitaji hata betri

Katika kidumbak, muziki wa harusi na sherehe wa Unguja, kazi ya besi hufanywa na sanduku. Ni sanduku la mbao, aghalabu lile la kusafirishia chai, lililopinduliwa. Fimbo husimamishwa kwenye ukingo wake, na kamba moja hutoka kichwani mwa fimbo hadi katikati ya sanduku. Mpigaji huudonoa uzi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huisukuma fimbo. Akiivuta nyuma kamba inakaza na noti inapanda, akiilegeza inashuka. Hakuna alama za kumwonyesha noti ilipo. Sikio ndilo linalomwongoza, huku fidla na ngoma ndogo za vidumbak zikienda mbio pembeni yake.

Hewa iliyomo ndani ya sanduku na ubao wake wa juu ndivyo vinavyoikuza sauti ya kamba. Kwa maneno mengine, sanduku ni gitaa la besi na boksi la spika kwa pamoja.

5. Aliyelitangaza gitaa la besi hakujua kupiga gitaa

Mwaka 1936 hivi, huko Seattle, Paul Tutmarc alikuwa tayari ametengeneza besi ya umeme yenye umbo la gitaa, akaiuza pamoja na amplifaya yake. Haikushika soko. Aliyefanikiwa ni Leo Fender wa California, fundi wa redio, aliyetoa besi yake ya Precision mwaka 1951. Fender hakuwa mpiga gitaa. Alisikiliza malalamiko ya wanamuziki, akarudi karakana.

Mara moja lalamiko jipya likaja: amplifaya za magitaa hazikuiweza besi. Mwaka 1952 akaja na Bassman, amplifaya iliyotengenezwa mahususi kwa besi, ikiwa na spika moja ya inchi 15.

6. Amplifaya ya besi ndiyo mama wa sauti ya roki

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bassman ilikuwa imebadilishwa ikawa na spika nne za inchi 10. Wapiga besi waliipokea, lakini wapiga solo ndio walioing'ang'ania, kwa sababu ikisukumwa kupita kiasi ilitoa mkwaruzo mtamu. Jijini London, mwenye duka la vyombo Jim Marshall na mafundi wake waliichukua Bassman kama kielelezo walipounda amplifaya yao ya kwanza, JTM45, miaka ya 1962 na 1963. Sauti ya Marshall iliyotawala majukwaa ya dunia ina asili yake katika chombo kilichokusudiwa besi.

7. Valvu kumi na nne kwa kazi ya mtu mmoja

SVT tuliyoitaja hapo juu ilikuwa na valvu 14 na nguvu ya wati 300, kiasi kikubwa mno kwa wakati wake. Rolling Stones waliitumia katika ziara yao ya Marekani mwaka 1969, wakati kumbi zilipokuwa zimekua na mashabiki wamezidi kelele za bendi.

Kampuni hiyohiyo ya Ampeg ilianza na wazo dogo zaidi. Mwaka 1946 Everett Hull alipachika maikrofoni ndani ya mguu wa besi kubwa la kusimama, lile linalopigwa kwenye jazi, ili lisikike mbele ya matarumbeta. Mwaka 1960 kampuni ikatoa B-15, ambayo amplifaya yake hupinduliwa na kufichwa ndani ya boksi wakati wa safari. Ndiyo aliyoipenda James Jamerson, mpiga besi wa studio ya Motown, alipokuwa akipiga kwenye vilabu.

8. Wimbi moja la besi ni refu kuliko chumba chako

Kamba nene ya gitaa la besi, ikipigwa bila kubanwa, hutikisika mara 41 kwa sekunde. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Gawanya, utapata wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8. Kamba nyembamba kabisa ya gitaa la solo hutikisika mara 330, na wimbi lake ni mita moja tu.

Ndiyo sababu mpiga besi aliyesimama mbele ya boksi lake hulalamika kwamba hajisikii, huku watu wa mwisho wa ukumbi wakiona besi imezidi. Mawimbi marefu hivyo hugonga kuta, hurudi na kupishana: mahali pengine yanaongezana, mahali pengine yanauana. Ukisogea hatua tatu ukumbini, besi inaweza kukua au kutoweka bila mtu kugusa chochote. Na ukilisukuma boksi hadi ukutani, besi inaongezeka bure, bila hata wati moja zaidi. Kulitia kwenye kona kunaongeza zaidi.

9. Ukishuka oktava moja, koni husukuma mara nne

Ili spika itoe noti ya oktava moja chini kwa nguvu ileile, koni yake lazima iende mbele na nyuma umbali mara nne. Hapo ndipo spika za gitaa la solo zinapokufa zikiazimwa kwa besi: koni inalazimishwa kwenda mbali isikoweza, karatasi inachanika au koili inatoka kwenye njia yake.

Kuna njia mbili za kukwepa. Moja ni spika kubwa inayoweza kusafiri mbali. Nyingine ni kuzifanya spika ndogo ziwe nyingi ili zigawane kazi. Spika nane za inchi 10 zina eneo la koni zaidi ya mara tatu ya spika moja ya inchi 15. Kwa hiyo anayedhani inchi 15 daima ni "besi zaidi" kuliko inchi 10 ahesabu kwanza ziko ngapi.

10. Spika bila boksi haina besi

Itoe spika kwenye boksi lake, iweke mezani na uipigie wimbo. Utasikia sauti nyembamba kama ya simu. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Mawimbi ya mbele na ya nyuma yanakutana pembeni na kufutana. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuyatenganisha.

Boksi lililozibwa pande zote huyafungia mawimbi ya nyuma. Boksi lenye tundu hufanya ujanja: hewa ya tundu hutikisika kwa noti yake na kuisaidia spika kwenye sauti za chini. Wazo hilo lilipewa hataza mwaka 1932 kwa jina la Albert Thuras wa maabara za Bell, Marekani. Hesabu zake kamili zilikuja baadaye: Neville Thiele alizichapisha Australia mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Hadi leo ukinunua spika mpya yenye karatasi ya vipimo, vipimo hivyo huitwa kwa majina ya watu hawa wawili. Fundi anayekata tundu kwa kukadiria tu anaweza kuharibu boksi zuri: tundu likizidi au likipungua, noti moja itangurumisha ukumbi na nyingine zitapotea.

11. Mninga wa Tabora ni mzuri kwa kitanda, plaiwudi kwa boksi

Misitu ya miombo ya Tabora ina mninga, mbao inayosifika kwa kutopinda wala kusinyaa sana ikikauka. Hata hivyo maboksi ya besi kote duniani hutengenezwa kwa plaiwudi au MDF. Ubao mmoja mpana, hata uwe mzuri namna gani, hutanuka na kusinyaa upande mmoja kuliko mwingine, na unaweza kupasuka kwenye maungio. Plaiwudi ina tabaka zilizopishanishwa, kila moja ikimzuia jirani yake.

MDF ni nafuu na haipigi kelele yake yenyewe, ila ni nzito na ikilowa mvua ya masika inavimba kama mkate. Kwa bendi inayosafiri juu ya lori, plaiwudi inashinda. Ndani ya boksi, vigongo vya kukaza kutoka ubao hadi ubao vina maana kuliko rangi ya nje, kwa kuwa ubao unaotikisika unakula besi iliyopaswa kwenda kwa wachezaji.

12. Wati mara mbili si sauti mara mbili

Kutoka wati 100 hadi 200, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji wa kawaida huitambua kwa kutega sikio. Ili watu waseme "imekuwa mara mbili", unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Na sikio letu ni gumu kwa sauti za chini, hivyo besi hudai nguvu nyingi kuliko solo ili zisikike sawa. Bendi ambayo solo anapigia wati 50 si ajabu kumwona mpiga besi na wati 300.

Kuna hasara nyingine. Katika kila wati 100 zinazoingia kwenye spika, takriban moja hadi tano ndizo zinazogeuka sauti. Zilizobaki ni joto linalounguza koili.

13. Kuongeza boksi ni kuiongezea amplifaya kazi

Wengi hudhani boksi la pili linaipunguzia amplifaya mzigo. Ni kinyume. Boksi moja la omu 8 likiunganishwa sambamba na jingine la omu 8 yanakuwa omu 4, na umeme mwingi zaidi unapita. Ukiongeza mengine mawili unafika omu 2, na amplifaya isiyojengwa kwa hilo itajizima au kuungua. Kwa amplifaya za valvu kuna hatari ya upande wa pili: kuipiga bila boksi lolote kunaweza kuua transfoma yake.

14. Kijijini, hesabu ni ya betri

Mahali pasipo na umeme wa gridi, dansi hutegemea jenereta, sola au betri. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Amplifaya inayokula wastani wa wati 100 ingeimaliza kwa saa sita kwenye karatasi. Kwa vitendo ni kama nusu ya hapo, kwani betri ya gari huharibika ikikaushwa kabisa, na inveta nayo inakula chake.

Mchiriku wa Dar es Salaam ulipita njia ya mkato: kinanda kidogo cha Casio na vipaza sauti vya pembe, vile vya mikutano ya hadhara. Pembe hizo hula umeme kidogo na hupiga mbali, lakini besi hazina. Ngoma ndizo zilizojaza pengo.

15. Sumaku za magari zilipata kazi mpya Kinshasa

Kundi la Konono N°1, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi huko Kongo, lilitaka likembe, yaani marimba za mkono, zisikike barabarani. Kwa kukosa vifaa vya dukani, walitengeneza vinasa sauti kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari, wakaunganisha na vipaza sauti vikuukuu. Likembe zao zilikuwa za ngazi tatu, mojawapo ikiwa ya besi. Mkwaruzo uliotokana na vifaa hivyo ndio uliowapa umaarufu wa dunia kwa albamu ya "Congotronics" mwaka 2004. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

16. Redio ndogo hukufanya usikie besi ambayo haipo

Bendi za dansi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zikipiga zote kwa pamoja, na nyimbo zikasikika hadi vijijini kwenye redio za mkono. Spika ya sentimita kumi haiwezi kutoa mitikisiko 41 kwa sekunde. Mbona basi watu waliisikia besi na kuifuata kwa miguu?

Jibu liko kichwani. Kamba nene haitoi 41 peke yake. Inatoa pia 82, 123, 164 na kuendelea. Redio hutoa zile za juu, na ubongo, ukiona zimeachana kwa 41, unaijaza ile ya chini wenyewe. Wanasayansi wamelijadili jambo hili tangu karne ya 19.

17. Umeme wa TANESCO uko karibu na noti ya G

Boksi likivuma wakati hakuna anayepiga, mara nyingi ni umeme wa ukutani unaopenya: Tanzania mkondo hubadilika mara 50 kwa sekunde. Noti ya G ya besi, kibano cha tatu kwenye kamba nene, ni 49. Mvumo huo basi ni G iliyopanda kidogo. Marekani mkondo ni mara 60 na volti 120. Amplifaya ya mtumba ya huko ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 za kwetu, bahati yako ikiwa nzuri itakata fyuzi tu.

18. Nta ya nyuki hunyamazisha gitaa

Tabora inasifika kwa asali na nta. Nta ya nyuki ina kazi kwenye magitaa ya umeme: huyeyushwa pamoja na nta ya mishumaa, yaani parafini, na koili za gitaa zikatumbukizwa humo. Nta inashika nyuzi za shaba zisicheze. Bila hivyo, boksi likipigwa kwa nguvu nyuzi zinatikisika, zinairudishia amplifaya sauti yake, na mlio wa kupasua masikio unaanza.

19. Tembo wa Ugalla hupiga chini kuliko besi

Mwaka 1984 mtafiti Katy Payne alianza kubaini kwamba tembo huwasiliana kwa sauti za chini tusizozisikia. Nyingi ziko kati ya mitikisiko 14 na 35 kwa sekunde, chini ya kamba nene ya besi, nazo hufika kilomita kadhaa. Mkoa wa Tabora una tembo katika eneo la Mto Ugalla, lililopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Sababu ya kufika mbali ni ileile inayomfanya mtu wa kijiji cha pili asikie besi na ngoma tu za harusi ya usiku: hewa na miti humeza sauti za juu, za chini zinapita.

20. Besi usiyoisikia inaweza kukuchezesha

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walipima mienendo ya watu kwenye onyesho la kundi la Orphx. Spika za sauti za chini mno, kati ya mitikisiko 8 na 37, ziliwashwa na kuzimwa kila baada ya dakika mbili na nusu bila watu kuambiwa. Zilipowaka, watu walicheza zaidi kwa wastani wa asilimia 11.8, ingawa hawakuweza kutambua zilipowashwa.

21. Mzigo umepungua

Sumaku za neodimiamu, zilizogunduliwa miaka ya 1980, zina nguvu ileile kwa uzito mdogo kuliko sumaku za zamani. Amplifaya za kizazi kipya nazo hukatakata umeme kwa kasi kubwa na hazihitaji transfoma nzito wala valvu. Leo amplifaya ya besi ya wati mia kadhaa inaweza kuwa na kilo mbili na kuingia kwenye mkoba wa gitaa. Kilichogoma kupungua ni ukubwa wa boksi, maana hewa haijakubali kubanwa.

22. Betri ya redio inaweza kuokoa shughuli yako

Kosa la bei rahisi kuliko yote ni waya zilizogeuzwa. Maboksi mawili yakiunganishwa kinyume, moja linasukuma wakati jingine linavuta, na besi inatoweka ingawa kila kitu kinawaka. Kabla ya kumlaumu mpiga besi, chukua betri ya tochi ya volti 1.5. Gusisha chanya kwenye chanya ya boksi na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu. Koni ikiruka mbele, waya ziko sawa. Ikirudi nyuma, zimegeuzwa. Fanya kwa kila boksi.

Unaponunua spika ya mtumba, weka mikono yako bapa pande zote mbili za koni, uisukume taratibu ndani na kuiachia. Ikienda kimya, inunue. Ikikwaruza, koili imeshaungua au imepinda, na muuzaji anajua.

Mwisho, usichanganye besi nzuri na besi kubwa. Shirika la Afya Duniani, katika kiwango chake cha mwaka 2022, linataka kumbi zisizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, na Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zinazosimamiwa na baraza la taifa la mazingira, NEMC. Besi haizuiliwi kirahisi na ukuta wala pazia, kwa hiyo anayekesha nayo ni jirani. Geuza maboksi yaelekee wachezaji, yaweke masikio ya watoto mbali nayo, na saa ya kulala ikifika, zima.